Siku niliyosema bodi imekufa

Tak.

Sauti hiyo tu ndiyo niliyokuwa naingoja. Ukiwasha amplifaya nzima, taa nyekundu inawaka, unahesabu moja, mbili, tatu, nne, kisha ndani rilei, swichi inayojifunga kwa umeme, inagonga, taa inageuka kijani na muziki unapata njia ya kwenda kwenye spika. Usiku ule wa Jumatano nilihesabu mpaka sitini. Nikazima, nikangoja, nikawasha, nikahesabu tena. Nje ya kibanda changu hapa Majengo, Mombasa, wauza viazi karai walikuwa wanakunja meza zao, na sikio langu bado liko juu ya boksi.

Kimya. Taa nyekundu vilevile.

Mashine ilikuwa ya kina mama wa chama kimoja cha Likoni wanaokodisha muziki wa harusi. Aliyeileta alivuka nayo feri juu ya mkokoteni, kaifunika leso isipate manyunyu. Hakuuliza bei. Aliniambia tu, "Mwanangu, Jumamosi tuna kesha Mtongwe, na arbuni tushaila."

Naandika haya wiki sita baadaye. Harusi ilipita, mashine ilirudi Likoni, nikalipwa. Kilichokuwa kikiniamsha usiku ni mashine nyingine, niliyoipima miaka mitatu kabla ya hii.

Inalinda nini

Ile taa nyekundu watu huiita ugonjwa. "Fundi, imeshikwa na protekshoni." Nami huwaeleza kila mara kwamba ile taa ni ya mlinzi, na kitu cha kwanza anachokilinda ni spika.

Chukua hii ya Likoni. Ndani ina volti 65 upande wa chanya na volti 65 upande wa hasi. Transista kubwa za mwisho, zile zinazoisukuma spika, zikiwa nzima, njia ya spika hukaa katikati, karibu kabisa na sifuri, na muziki huivuta juu na chini. Transista moja ikishoti, volti zote 65 zinamwagika kwenye njia ya spika na kubaki hapohapo. Wufa, yaani spika ya besi, iliyoandikwa omu 8 ukiipima koili yake kwa mita utasoma karibu 6. Piga hesabu: karibu ampea 11, wati 700 za joto tupu kwenye waya mwembamba ambao hausogei, na koili isiyosogea haipati hewa ya kuipoza. Fyuzi ikichelewa kidogo tu, unanusa vanishi iliyoungua.

Harufu hiyo ukishainusa huisahau. Mimi niliinusa nikiwa mwanafunzi wa kazi, nimesimama nyuma ya mwalimu wangu, siku mtu alipoleta wufa mbili za inchi 15 zilizokwisha usiku mmoja. Fundi aliyemtangulia alikuwa ameona taa nyekundu, akachukua kipande cha waya, akaunganisha juu ya rilei. Taa ikabaki nyekundu lakini muziki ukapita. Kwa saa mbili.

Mwalimu wangu hakumtukana yule fundi. Alizikata zile wufa kwa kisu, akatuonyesha koili nyeusi, akasema, "Tazameni."

Mita haina mjomba

Hilo lilikuwa neno lake. Ukimwambia "nadhani ni transista", hakujibu. Ukimwambia "transista ya tatu kutoka kushoto inasoma sifuri pande zote mbili", anavuta kiti.

Alhamisi asubuhi nikaanza kama alivyotufundisha. Stima kwanza kupitia balbu: ile balbu ya zamani yenye uzi, ya wati 100, nimeifunga katikati ya njia ya stima ili kama kuna shoti ndani, balbu ndiyo iumie. Ikiwaka ikabaki inawaka, zima haraka. Hii iliwaka mara moja wakati kapasita kubwa, zile zinazohifadhi chaji, zinajaa, kisha ikafifia mpaka uzi ukabaki mwekundu tu. Hakuna shoti.

Nikatoa nyaya zote za spika. Bado nyekundu. Basi si nyaya, ingawa mara nyingi huwa ni nyaya, na nimeshamrudishia mtu mashine yake bila kuifungua kwa sababu tatizo lilikuwa unyoya mmoja wa shaba uliogusa mwenziwe kwenye plagi. Feni inazunguka. Swichi ya joto iliyobanwa kwenye bati la kupozea iko sawa.

Halafu kipimo chenyewe: njia ya spika, upande wa kabla ya rilei. Kushoto milivolti 14. Kulia milivolti 9. Nikisoma chini ya 50 huwa naridhika. Hizi zilikuwa namba nzuri, za mashine yenye afya.

Nikaingiza mlio kutoka kwenye simu. Mita ikauona mlio pande zote mbili, ukicheza kabla ya rilei.

Muziki ulikuwa unafika mlangoni, na mlango umefungwa.

Nikamwaga chaji ya kapasita kwa rezista kubwa, kipuri cha kupunguza mkondo, nikaing'oa rilei, nikaipa volti 24 mezani. Tak. Rilei nzima. Nikairudisha, nikawasha, nikapima kama hizo volti 24 zinaifikia kwenye bodi, lile bamba linalobeba vipuri. Zipo. Kwa hiyo kuna kitu kilikuwa kinaikataza kugonga, na nilikuwa sijui ni nini, na Ijumaa ilikuwa inaingia.

Kipande cha waya

Jirani yangu ni fundi wa redio na simu, mtu mwerevu, mikono yake mizuri kuliko yangu kwenye vitu vidogo. Alikuja na kahawa, akasikiliza, akaangalia namba nilizoandika kwenye kadibodi.

"Yakhe, ushapima kila kitu. Njia ya spika haina kitu. Jampa hiyo rilei kwa waya, wape watu mashine yao."

Siku nyingine ningecheka. Siku ile sikucheka, kwa sababu hoja yake ilikuwa na miguu. Miaka yote nimewaambia wateja kwamba taa nyekundu haisemi uongo. Sasa taa inasema kuna hatari, mita inasema hakuna. Mmoja wao amekosea. Na kama mita ndiyo ya kweli, basi kina mama wanakosa riziki kwa ajili ya ukaidi wangu.

Nilishaumenya waya. Ulikuwa mkononi.

Kilichonirudisha nyuma ni kufikiria saa sita usiku Mtongwe. Mashine imepiga saa tano mfululizo, joto la ukumbi, watu wanaingia na kutoka, jenereta inapanda na kushuka. Milivolti 14 za Alhamisi asubuhi hazijui lolote kuhusu usiku huo. Transista ikishoti saa hizo, mlinzi nimeshamfunga mdomo mimi mwenyewe, na spika nne za chama zinakwenda pamoja.

Nikauweka waya chini. Nikawapa mashine yangu mwenyewe, ndogo kidogo, wakapige nayo Jumamosi. Mama yule aliitazama, akanitazama, akasema, "Itafika mpaka nyuma ya hema?" Nikamwambia ukweli: haitafika vizuri. Akaichukua.

Ijumaa baada ya swala nilirudi mezani na swali ambalo sikuwahi kujiuliza kwa dhati: itakuwaje kama mlinzi mwenyewe ndiye mgonjwa?

Mguu wa nne

Kwenye bodi ya kinga kulikuwa na IC, chipu ndogo yenye miguu 8 kwenye mstari mmoja, uPC1237. Wenzangu wa kazi mnaijua, imo kwenye amplifaya nyingi. Mguu wa 2 unasikiliza kama kuna DC, umeme wa upande mmoja, kwenye njia ya spika. Mguu wa 7 una kapasita inayojaa polepole, na ndiyo inayozaa zile sekunde chache za kungoja. Mguu wa 6 ndio unaovuta rilei.

Mguu wa 4 nilikuwa naujua kwa jina tu. Kazi yake ni kusikiliza stima. Unapozima mashine, kapasita kubwa bado zina chaji, na zikishuka ovyo spika hupiga ule mshindo mkubwa unaowashtua watu. Kwa hiyo mguu wa 4 hupewa alama moja kwa moja kutoka kwenye transfoma. Alama ikipotea, IC inajua stima imekatika na inaachia rilei mara moja, kabla ya mshindo.

Nikapima mguu kwa mguu. Wa 2, sawa. Wa 8, umeme upo. Wa 4, alama haifiki.

Nilikaa kidogo. Feni inazunguka, transfoma inavuma, taa inawaka, na IC ile inaamini stima imekatika. Ilikuwa inaamini hivyo tangu siku mashine ilipozimika Likoni, na kwa kadiri ya habari ilizopewa, ilikuwa inafanya kazi yake sawasawa.

Ikabaki kuifuata njia. Kwenye transfoma, umeme upo. Dayodi nzima. Baada yake kuna rezista ndogo ya robo wati, rangi zake safi, ukiitazama kwa juu huna la kuitilia shaka. Ila mguu wake mmoja ulikuwa umezama ndani ya gundi.

Gundi hii nataka kuieleza vizuri. Viwandani huwekwa kwenye bodi ili kapasita kubwa zisitikisike njiani. Ikiwa mpya ni ya manjano hafifu, laini. Miaka ikipita na joto la ndani likiipika, inageuka kahawia, inakauka, inakuwa ngumu kama lami ya zamani. Ikifika hapo huanza kunyonya unyevu, hupitisha umeme pasipotakiwa, na hula shaba. Sasa ilete Mombasa. Ilete kwenye nyumba ya Likoni yenye madirisha wazi upande wa bahari, msimu wa kusi, hewa ambayo hata chumvi ya mezani hugandamana kwenye kichupa chake.

Nikachukua sindano, nikaikwangua polepole. Chini yake kulikuwa na kijani. Mguu wa rezista ulikuwa umeliwa mpaka umekuwa kama unywele, na pembeni ya bodi njia ya shaba ilikuwa imeanza kuliwa nayo. Nikaugusa kwa ncha ya sindano.

Ukaanguka.

Rezista hiyo bei yake haifiki shilingi kumi. Nilitumia saa mbili kuitoa gundi yote kwenye bodi nzima kwa spiriti na mswaki, hata palipoonekana pazuri, nikatia rezista mpya, nikarudishia njia ya shaba kwa kipande cha waya na lehemu. Balbu tena kwanza. Kisha stima yenyewe.

Moja, mbili, tatu, nne.

Tak.

Transista nane

Ningetakiwa kulala vizuri usiku ule. Nililala, nikaamka saa tisa, nikiwa nimekumbuka kijani kile, na nyuma yake nikamkumbuka ami mmoja wa Kisauni.

Alikuja miaka mitatu iliyopita. Mzee wa watu, mpole, anayekaa barazani na wenzake jioni wakisikiliza kanda za zamani za Juma Bhalo alizozihamisha mwenyewe kwenye diski, na siku za maulidi ya mtaa mashine yake ndiyo iliyotumika, bila kumtoza mtu. Taa nyekundu. Rilei haigongi. Nilikaa nayo wiki mbili. Nikabadilisha rilei, nikabadilisha kapasita mbili tatu. Njia ya spika ilikuwa safi, nakumbuka, kwa sababu nilijiambia pale pale kwamba ni ajabu. Kazi nyingine zikarundikana. Siku aliporudi kuuliza nikamwambia:

"Ami, bodi imekufa."

Sisi mafundi tuna maneno yetu ya kufunga mlango, na hilo ni moja. Mteja hawezi kulijibu. Hajui bodi ni nini wala inakufaje, ila anajua kufa. Mzee alinyamaza, akauliza kama naweza kuinunua kwa ajili ya vipuri. Nikampa shilingi 3,000.

Hapa ndipo pananiuma, na nimezunguka wiki nyingi kabla ya kuthubutu kupaandika. Mashine ile ilikuwa na transista nane za mwisho, 2SC5200 na 2SA1943, nne kwa nne, halisi. Wanaofanya kazi hii wanajua jinsi transista bandia za namba hizo zilivyojaa sokoni: sura ileile, maandishi yaleyale, ukiipa mzigo inapasuka. Zilizotoka kwenye mashine ya zamani zina thamani. Nilizitoa zote nane, nikazipima moja moja, nikaziuza. Na transfoma nikaiuza. Sikupata hasara.

Zote nane zilikuwa nzima. Nilizipima kwa mikono yangu. Nilizishika, nikasoma namba nzuri mara nane, nikafurahia bei, na sikujiuliza swali ambalo mwanafunzi wa wiki ya kwanza angeuliza: kama hizi ni nzima, basi kilichokufa ni nini?

Sikumdanganya. Nimelipindua jambo hili kila upande, na kweli siku ile niliamini nilichosema. Lakini niliamini upesi, na kuamini huko kulinilipa.

Stoo

Fremu yake bado ilikuwa chini ya rafu ya mwisho, imebanwa na maboksi ya redio za gari. Situpi bati zuri. Nikaivuta usiku uleule, na tochi ya simu. Bati la kupozea likiwa na mashimo manane matupu na vipande vya maika bado vimeshikwa na grisi nyeupe. Nafasi ya transfoma tupu. Bodi ya kinga ipo, kwa sababu hakuna anayenunua bodi ya kinga.

IC ileile. Gundi ileile, kahawia, imekauka.

Nikaikwangua. Mikono haikuwa imetulia, na hilo nalisema kwa sababu lina maana kwa kinachofuata: mguu wa rezista ulikatika. Kijani kilikuwapo, kidogo, si kama cha Likoni. Je, ulikuwa umeshakatika miaka mitatu iliyopita na gundi ndiyo iliyokuwa imeushika? Au ulikuwa mzima, na mimi ndiye niliyeukata usiku ule kwa sindano? Nilitazama kwa lenzi mpaka macho yakatoa machozi. Ncha iliyokatika ilikuwa na upande mmoja mweusi na upande mmoja unaong'aa.

Upande unaong'aa. Ina maana palikuwa na shaba iliyokuwa bado inashika. Au unyoya wake tu. Na bila transfoma siwezi hata kuiwasha mashine niijaribu, kwa sababu transfoma niliiuza.

Nilitaka jibu, na aliyelivuruga ni mimi, mara ya kwanza na mara ya pili.

Kisauni

Nilichukua wiki nyingine nne kabla ya kupanda matatu. Kila siku nilikuwa na kazi ya kunizuia, na kila kazi ilikuwa ya kweli. Mwisho niliifunga ile bodi kwenye gazeti, nikavuka daraja la Nyali nimeipakata.

Nilimkuta barazani. Wenzake wawili walikuwapo. Nilitaka kumwita pembeni, kisha nikaona kwamba nilipomwambia mashine yake imekufa sikumwita pembeni.

"Asalaam aleikum, ami. Mimi ndiye fundi wa Majengo."

"Waaleikum salaam. Nakujua. Kaa."

Nikamweleza. Nilijaribu kusema kwa maneno mepesi, nikajikuta nasema yote: mlinzi, mguu wa nne, gundi, kijani, sindano, upande mweusi na upande unaong'aa. Nikamwambia kuhusu transista nane na bei niliyouzia. Nikamwambia sina hakika, ila naamini mashine yake ilikuwa hai siku niliyoinunua, na kwamba nataka kumtengenezea nyingine ndani ya fremu ileile, kwa gharama yangu, nikianza na transfoma.

Hakusema kitu kwa muda. Mwenzake mmoja aliingilia, "Sasa miaka mitatu yote hii?" Mzee akamnyooshea kiganja, anyamaze.

"Zile transista zangu, wapi sasa hivi?"

"Zimo kwenye mashine ya kijana mmoja wa Bamburi, ami. Zinapiga."

"Zinapiga vizuri?"

"Vizuri sana."

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akanyoosha mkono. "Lete niione hiyo bodi."

Nikaifungua kwenye gazeti. Akavaa miwani yake, akaigeuza kwenye mwanga wa jioni, akaipitisha kucha ya kidole gumba juu ya ile gundi, akaangalia vumbi la kahawia lililobaki kwenye kucha.

"Hii?"

"Hiyo, ami."

Akaiweka juu ya baraza, kati yangu na yeye, akaita ndani waniletee chai.